Mabishano ya Ziwa na Mapatano ya Mto

Sisi tukaao Isongole katika wilaya ya Ileje twaishi ukingoni mwa nchi. Mtu akishuka kutoka kwetu hufika mto Songwe, na ng'ambo yake ni Malawi, wilaya ya Chitipa. Kwa kuwa iko mito miwili yenye jina hilo katika sehemu zetu, na wageni huichanganya kila siku, twaeleza kwamba tunenao si ule Songwe uendao bonde la Rukwa, ila ule ushukao hata Ziwa Nyasa. Walambya wako pande zote mbili za mto huu, na Wandali vivyo hivyo. Huko chini karibu na ziwa, Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga husikilizana bila mkalimani. Binti huolewa ng'ambo, na msiba ukitokea watu huvuka kwenda kuzika. Hivyo nchi hizi mbili zibishanapo, kwetu si habari za magazetini tu. Ni habari za shemeji na wajomba.

Habari hizi tumeandika kwa sababu ya jambo lililotupata darasani. Siku moja tuliwagawa wanafunzi mafungu mawili ili wajifunze kubishana kwa hoja, nasi kwa kujiamini tukawapa swali hili: Ziwa Nyasa ni la nani? Mwanzo walisema vizuri. Kisha sauti zikapanda, na mvulana mmoja akasimama akamwambia mwenziwe, ambaye mama yake alizaliwa Chitipa, arudi kwao. Mtoto yule hakujibu neno. Alitoka nje akaketi chini ya mti hata kengele ya mwisho ilipopigwa. Twakiri kwamba kosa lilikuwa letu sisi tuliowapa swali lile, si lao. Jioni ile tulitoa vitabu vya historia tukaanza kuvisoma upya, tukitaka kujua watu wazima waliobishana juu ya maji hayo hayo walikosea wapi, na kama wako waliofanya vema.

Shina la neno hili ni karatasi. Tarehe 1 Julai mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mapatano mjini Berlin, ambayo kwayo Unguja iliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland kilicho karibu na pwani yao. Ndani ya mapatano hayo mpaka wa sehemu zetu uliandikwa hivi: ufuate ukingo wa Ziwa Nyasa upande wa mashariki, uzunguke kaskazini, ushuke magharibi hata mdomo wa Songwe, kisha upande na mto. Ukingo, si katikati. Hapakuwapo Mlambya wala Mnyakyusa wala mvuvi ye yote aliyeketi mezani pale. Walakini tusiwanyime haki yao waandishi wale, maana katika kifungu cha 6 walisema kwamba mistari waliyoichora yaweza kusahihishwa na pande mbili kwa mapatano, kwa kadiri ya mahitaji ya mahali penyewe. Wengi wautajao mkataba ule hukisahau kifungu hicho.

Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walizitawala pande zote mbili, Tanganyika kwa amana ya Shirikisho la Mataifa, na Nyasaland kama nchi ya ulinzi wao. Mwenye nyumba akiwa mmoja haoni haja ya kupima kuta za ndani. Ramani walizochora wakati huo hazikupatana: nyingine zilipitisha mstari katikati ya maji, na nyingine ukingoni. Tena mwaka 1954 Waingereza na Wareno walipatana kuusogeza mpaka wa Nyasaland na Msumbiji kutoka ukingoni hata katikati ya ziwa, ila visiwa vya Likoma na Chizumulu vilibaki upande wa Nyasaland. Basi yaonekana kwamba ukingo si neno lisiloguswa. Lakini yaonekana pia kwamba uliguswa kwa mapatano.

Tanganyika ikapata uhuru wake Desemba 1961, na Malawi Julai 1964. Mwezi huo huo wa Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo, wakaazimu kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru, ili bara lisiingie katika vita vya mipaka. Aliyelipeleka neno hilo mbele ya mkutano ni Mwalimu Nyerere. Kisha Januari 1967 serikali ya Tanzania iliiandikia serikali ya Malawi kwamba mpaka wa ziwa, kwa maoni yake, uko katikati ya maji.

Hapa twamwomba msomaji atue kidogo, asikimbilie upande wa nchi yake. Malawi walisema: karatasi ya mwaka 1890 yasema ukingo, na ninyi wenyewe mlituhimiza kule Cairo tuiheshimu mipaka ya wakoloni, mbona sasa mwaugeuza mmoja? Neno hilo lina uzito, wala halijibiwi kwa kelele. Tanzania walisema: desturi ya mataifa ni kwamba walio pande mbili za ziwa hugawana maji katikati, ramani za Waingereza wenyewe zimewahi kuonyesha hivyo, tena ni ajabu gani mtu wa Kyela au Ludewa au Mbamba Bay akichota maji ya kunywa mlangoni pake ahesabiwe kuwa ameingia nchi ya watu? Neno hilo nalo lina uzito. Ugomvi ambao mmoja ana haki na mwingine hana si mgumu kuamua. Mzee wa baraza huumaliza kabla ya jua kuwa kali. Ugomvi huu umekuwa mgumu kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha kweli, naye hakitazami alichoshika mwenziwe.

Yakini ungaliweza kuzungumzwa kwa utulivu hata hivyo. Haikuwa hivyo. Septemba 1968 Daktari Banda alitangaza hadharani kwamba nchi yake ina haki ya mashamba na milima ng'ambo ya mipaka yake, upande wa Tanzania na wa Zambia na wa Msumbiji. Mwalimu naye alijibu kwa ukali, akasema kwamba mwenziwe hana akili timamu, ila wasipuuze, kwani waliokuwa nyuma yake walikuwa na akili zao. Sisi twampenda Mwalimu na tumelelewa katika mafundisho yake. Lakini kwa neno hili twaona alijikwaa. Ukiisha kumwita mtu mwenda wazimu, huna tena wa kubishana naye. Umebaki na mgonjwa, na mgonjwa hatoi hoja, hupewa dawa.

Swali tulilojiuliza ni hili: kwa nini maneno yalipata moto namna hiyo, hali samaki walikuwa wale wale na mitumbwi ile ile? Tukaona kwamba ziwa lilibebeshwa mzigo usio wake. Mwaka 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, mawaziri wa Malawi waligombana na mkuu wao, na baadhi yao wakakimbia. Kanyama Chiume, aliyekuwa waziri wa mambo ya nchi za nje, alipokelewa Dar es Salaam. Moyoni mwake Daktari Banda aliona jirani amewafuga adui zake. Upande wa pili, Dar es Salaam ilikuwa makao ya kamati ya Afrika ya kuzikomboa nchi zilizokuwa bado chini ya wageni, na mwaka 1967 Malawi ikafunga urafiki wa kibalozi na Afrika ya Kusini, iliyokuwa ikiwatawala Waafrika kwa ubaguzi. Moyoni mwake Mwalimu aliona jirani amekula na adui wa wote. Hizo ndizo hasira zenyewe. Lakini karatasi zilizopelekwa huku na huku zilizungumza habari za mistari na ramani.

Wazee wa sehemu zetu wangaliutambua ugonjwa huu upesi. Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa mila, walikaa kati ya Wanyakyusa katika miaka ya 1934 hata 1938, na vitabu alivyoandika bibi huyo baadaye vyasomwa mpaka leo. Katika mengi waliyoyaandika liko hili: ndugu walipokusanyika kwa tambiko, kila mmoja alitakiwa aseme wazi neno alilomkasirikia mwenziwe. Neno lililofichwa moyoni waliliogopa kuliko neno lililotamkwa, hata kama lililotamkwa lilikuwa kali, kwa maana waliamini kwamba hasira iliyofichwa hudhuru watu na watoto wao. Walioachana kwa midomo tu, na mioyo bado imefunga, walihesabiwa kuwa hawajapatana.

Jambo la pili waliloliona ni vijiji vya rika. Vijana wa umri mmoja walijenga pamoja, wakakaa pamoja hata uzee, wakala na kunywa na kuzungumza, na mazungumzo hayo mema waliyaita ukwangala. Walisema kwamba hapo ndipo mtu apatapo akili, yaani katika kusema na kujibiwa na walio sawa naye. Mbele ya baba hubishi, unasikiliza. Mbele ya mtoto hubishiwi, unaamuru. Ni mbele ya mwenzio tu hoja yako hupimwa kwa uzito wake wenyewe.

Sisi Wakristo hatuyafuati matambiko yale, wala hatusadiki kwamba hasira ya jirani humwuguza mtoto mchanga. Lakini aliyesoma katika Mathayo mlango wa tano habari ya sadaka iachwayo mbele ya madhabahu, hata mwenyewe aende kwanza akapatane na nduguye, hataona kwamba wazee wale walikuwa mbali sana na njia.

Basi tuuache ugomvi wa ziwa tushuke mtoni, maana huko liko jambo ambalo lilitushangaza. Songwe ukitoka milimani huku kwetu hupita katika makorongo, na hauna nafasi ya kutangatanga. Lakini ukifika nchi tambarare ya Kyela na Karonga huwa kama mtu mlevi njiani. Mvua kubwa zikinyesha hufurika, hula ukingo, huacha njia ya jana na kushika mpya. Mtu aliyelala shamba lake likiwa Tanzania huweza kuamka akaliona ng'ambo ya maji. Je, mpaka umehama pamoja na mto? Na kama umehama, yule mtu ni raia wa wapi, na mpunga ni wa nani? Huo ungaliweza kuwa ugomvi mbaya kuliko wa ziwa, kwa maana ziwa halihami.

Na bado haukuwa hivyo. Serikali mbili zilikubali kuupeleleza mto kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu waliuchunguza, wakitafuta namna ya kuuzuia usitangetange. Baadaye, tangu mwaka 2010 hata 2014, kwa msaada wa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilichorwa kazi kubwa zaidi: mabwawa ya kushika mafuriko, umeme upatao megawati 180 wa kugawanywa kati ya nchi mbili, na mashamba ya kumwagiliwa, hekta elfu tatu hivi kila upande. Mwaka 2017 zikatia sahihi mapatano ya kuunda Kamisheni ya Pamoja ya Bonde la Mto Songwe, na ofisi yake ikawekwa Kyela.

Sasa msomaji aiweke miaka hiyo kando ya mambo mengine aliyoyasikia. Mwaka 2011 Malawi ilitoa ruhusa kwa kampuni ya kigeni kutafuta mafuta ndani ya ziwa, na ugomvi wa zamani ukafufuka. Mwaka 2012 wakubwa wengine wa kwetu walianza kutaja majeshi, na huku mpakani watu wakaulizana kama ni salama kwenda msibani. Rais Kikwete na Rais Joyce Banda walizungumza, wajumbe wakakutana. Oktoba mazungumzo yakakatika. Mwisho neno likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika, Bwana Joaquim Chissano wa Msumbiji akiwa mwenyekiti wao, pamoja na Bwana Thabo Mbeki wa Afrika ya Kusini na Bwana Festus Mogae wa Botswana. Hata hao hawakuweza kuzifanya nchi mbili ziseme neno moja. Ni miaka ile ile! Mezani pa ziwa watu walikunjiana uso, na mezani pa mto watu wa serikali zile zile waliinamia ramani moja wakipima maji.

Tumefikiri sana kwa nini. Haikuwa kwa sababu watu wa mtoni walikuwa wapole zaidi. Twaona ni kwa sababu ya swali. Ukiuliza "ni ya nani?" majibu ni mawili tu, na katika hayo mmoja lazima arudi nyumbani mikono mitupu, naye atawaambia nini waliomtuma? Ukiuliza "maji haya yanatubomolea, tufanyeje?" majibu ni mengi, na anayeshindwa, kama mambo yakienda vema, ni mafuriko. Watu huweza kubishana kwa ukali juu ya swali la namna hiyo, nao yakini walibishana, maana bwawa likijengwa hapa shamba la fulani huzama, na la mwingine hupata maji. Lakini ni ubishi wa watu wawili waliobeba gogo moja: huyu asema pita kushoto, yule asema pita kulia, wala hakuna atakaye gogo lianguke.

Wako watakaosema kwamba huku ni kukwepa, kwamba waliogopa neno kubwa wakashika dogo. Tena watatukumbusha kwa haki yale tuliyoandika juu ya wazee: je, kuliacha neno la ziwa si kulificha moyoni? Tumelipima neno hilo, nasi twaona kwamba kuficha ni kitu kimoja, na kuweka kando mbele ya macho ya wote ni kitu kingine. Kila nchi imekwisha kulisema dai lake waziwazi. Liko katika vitabu na katika ramani za shule. Hakuna aliyetakiwa kulitafuna na kulimeza ili aruhusiwe kuketi mezani pa mto. Wasomaji watamkumbuka Isaka alipogombewa visima katika bonde la Gerari. Kisima cha kwanza kiligombewa, akakiacha, lakini hakukiacha bila jina. Alikiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili kikagombewa, akakiita Sitna, yaani uadui. Ndipo akaenda mbele akachimba cha tatu, na hicho hakikugombewa. Hakujifanya kama kwamba hapakuwa na ugomvi. Aliuandika juu ya kisima, akaendelea kuchimba.

Wala tusiwasifu mno watu wa mto. Miaka ilipita tangu sahihi za mwaka 2017, na bwawa kubwa halikujengwa. Fedha za kazi kama hiyo hazipatikani kwa maneno mema tu. Mwenye shamba kule chini bado huangalia mawingu. Tena sisi wa juu mara nyingi huzisikia habari za mipango hiyo baada ya kwisha kuamuliwa, na hilo halitupendezi, kwa kuwa bonde ni letu pia, tangu Ileje hata Chitipa. Yaliyofanywa Berlin bila wenyeji yalitosha.

Baada ya kusoma hayo tuliwarudia wanafunzi wetu. Tuliwaomba radhi kwanza, jambo ambalo liliwachekesha, maana hawakuzoea. Kisha tuliwapa swali la mto: Songwe umehama usiku, shamba la mtu mmoja liko ng'ambo, wazee wa pande mbili wameitwa, waseme nini? Tukaweka sharti moja, kwamba hakuna ruhusa ya kujibu mpaka umeyarudia maneno ya mwenzio, naye akiri kwamba ndivyo alivyosema. Sharti hilo liliwachosha mno. Watoto wengine walirudia mara tatu kabla ya kukubaliwa, na mmoja aligundua katikati ya kurudia kwamba yeye na mwenziwe walikuwa wakisema neno moja. Mtoto wa mama wa Chitipa alisema kwa niaba ya wazee wa Kyela, tena alisema vizuri kuliko wote. Hawakupatana juu ya mpunga. Wengine walisema avune aliyelima, wengine walisema agawane na mwenye nchi, na kengele iliwakuta papo hapo.

Walipokuwa wakitoka, yule mvulana aliyekuwa amesema lile neno baya alibaki mlangoni. Alisema mbele ya wenzake kwamba siku ile hakuwa na hasira ya ziwa hata kidogo. Alikuwa na mpira alioushona kwa matambara na kamba, mwenziwe akauazima, naye hakuurudisha. Mwenziwe akasema mpira uliangukia mtoni, naye aliogopa kumwambia. Sisi tuliwaacha hapo mlangoni wakibishana ni upande gani wa mto mpira ulikoonekana mara ya mwisho.